Gikundiro, Daktari wa Nyumba Zilizonyamaza

Asubuhi ile soko la Mulongwe, mjini Uvira, lilikuwa limejaa. Mwanaume mmoja alikuwa amepindua beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, la mke wake, na watu walizunguka wakicheka. Placide, fundi wa injini za mitumbwi, alijipenyeza mbele, mikono ikinuka mafuta. Hapo ndipo alipomwona mwanamke mrefu wa kitenge cha manjano akichutama katikati ya wagombanao.

Hakuuliza nani ana kosa. Aliuliza tu, "Mara ya mwisho mulicheka pamoja, mulikuwa wapi?"

Mume akaliinua beseni. Mke akaanza kulia. Baada ya kitambo, wote wawili walikuwa wameinama wakiokota ndagala, bega kwa bega, na kicheko cha umati kimekatika.

Placide alimfuata hadi barabarani. "Mama, weye uko mchawi?"

"Minye naitwa Gikundiro. Natibu familia."

"Familia nayo iko na ugonjwa?"

"Watu wanaishi mu nyumba moja na hakuna anayeongea. Weye unaita vile nini?"

Placide alifikiria kwao. Tangu kaka yake Firmin azame ziwani, baba na mama yake walikuwa wanapitana sebuleni kama wageni.

Gikundiro alizaliwa Rurambo, milimani, kwa wafugaji, akasomea kazi hiyo Bujumbura. Alipokuja kufanya kazi Uvira, hakuna mtu aliyeijua kazi yake. Walimwita daktari wa maneno. Alipanga chumba kimoja nyuma ya famasi, akangoja. Kisha watu wakaanza kuja, hata kutoka mbali, Runingu: waliofukuza watoto wao, ndugu waliogawanywa na vita. Waliingia wakisukumana, wakatoka wakishikana mikono.

Placide alimpenda kwa mshangao, kama mtu anavyotazama radi juu ya ziwa. Naye Gikundiro akampenda, na kila jioni Placide alimpigia simu.

"Sheri, mupenzi, leo umeponya wangapi?"

"Hakuna. Banajiponya bao wenyewe. Weye umekula?"

Siku moja Placide alimwona baba yake, Mzee Rénovat, akitoka kwenye chumba cha Gikundiro, macho mekundu.  Mzee huyu alikuwa amesema wazi kwamba hataki mkwe kutoka milimani.

"Baba alitafuta nini kwako?" Placide alifoka kwenye simu.

"Siwezi kukuambia."

"Amekuomba uniache?"

"Placide, mupenzi, siwezi."

"Basi usinipigie tena!"

Gikundiro alilia usiku mzima. Neno moja lingemrudisha Placide. Hakulisema. Kesho yake alivaa kitenge safi, akafungua mlango, akapokea familia iliyokuwa ikingoja.

Wiki zikapita. Jumapili moja, baada ya ibada, mama yake alimwita Placide sebuleni. Mzee Rénovat alikuwa ameketi kando ya mkewe, amemshika mkono.

"Tulikuwa tunaenda kwa Gikundiro, minye na mama yako," alisema mzee. "Tulimwomba asikuambie. Tuliona haya. Na yule binti wa milimani, nilimukatalia bure." Akavuta pumzi. "Firmin..."

Jina hilo halikuwa limetajwa humo tangu mazishi.

"Firmin aliimba vibaya sana mu kwaya," alisema mama.

"Vibaya kabisa!" Wakacheka, machozi yakiwatiririka, na Placide akawatazama kama waliofufuka.

Alikimbilia pikipiki. Alimkuta Gikundiro akifunga dirisha la chumba chake.

"Nisamehe. Lakini ungeniambia hata neno moja."

"Nani tena mu Uvira angenifungulia mulango wake?"

Placide aliinamisha kichwa. Hakuwahi kusimama mbele ya mtu mwenye moyo mkubwa namna hii.

"Wazazi wako wataendelea na Nicole, musaidizi wangu," alisema Gikundiro. "Walipokuja hakukuwa na mwingine wa kuwapokea. Sasa nimemufundisha, na yeye iko tayari. Muntu hawezi kutibu nyumba anayotaka kuingia kama bibi, mke wa mutoto wa pale."

"Umewaachia Nicole lini?"

"Wiki jana."

"Mbele nirudi, ningali nimekasirika?"

"Mbele urudi."

Placide alipiga magoti palepale mlangoni, wapita njia wakitazama. "Gikundiro, utakubali nipande Rurambo kukuomba kwa baba yako?"

"Panda," alisema Gikundiro. "Na wazazi wako wapande pamoja, wakiongea njia yote."