Saa Iliyofukizwa Udi

Nilikuwa nimekwenda kwa jirani yangu Mishi kuomba vifuu vya kuwashia moto. Jua lilikuwa linakuchwa hapa Bongwe, na mjukuu wangu Hanifa nilimwacha nyumbani peke yake akijitayarisha kwa kazi yake. Kazi yenyewe ni hiyo ya simu: huvaa saa za watu wenye uwezo, akazisifu au akazikosoa, na watu wakamtazama. Luqman, muuza saa wa Diani, alikuwa amemwahidi moja ya dhahabu, dhahabu yenye wekundu wa waridi. Akiichambua vizuri, atamwajiri dukani. Mtoto alikuwa halali kwa furaha.

Nikarudi na vifuu vyangu. Mlangoni nikasikia harufu.

Udi.

Na ndani ya udi, asumini... Kwangu mimi hapana asumini.

Nikachungulia. Hanifa alikuwa amekaa kitini katikati ya chumba, juu ya shuka langu jeupe. Chetezo changu kilikuwa kinatoa moshi miguuni pake. Mrashi wa marashi uko juu ya sinia. Simu ameisimamisha mbele yake. Na ile saa ameivaa mkono wa kulia, anaupitisha juu ya moshi, huku na huku, polepole.



Marehemu shangazi yangu Mwinga alikuwa akipiga ngoma za kupunga pepo. Nilimfuata sana usichanani, na sauti yake naisikia hadi leo: "Mwanangu, pepo haji vivi hivi. Huandaliwa kiti, shuka jeupe na marashi. Dhahabu yake hufukizwa, ikavishwa mkono wa kuume. Ikishavishwa, basi, amekaa."

Hanifa hakuyajua hayo. Alitaka picha ipendeze tu.

"Wapenzi wangu," alikuwa akiiambia simu, "tazameni uso wake. Ndani mna saa nyingine ndogo tatu. Ukibonyeza hapa ubavuni, mshale unaanza kuhesabu. Uzito wake unatosha, mkono hauchoki..." Akanyamaza. "Ila huu mshale sijaubonyeza. Unatembea wenyewe."

"Hanifa," nikanong'ona. "Saa hiyo imeletwa na nani?"

"Luqman, bibi. Amemtuma mwanamke, amevaa buibui, ananukia vizuri."

"Umemwona uso?"

"Alikuwa amejifunika." Akacheka. "Bibi nawe, kila mtu wamshuku. Hata yule wa kusoma mita ya maji ulimwuliza babake ni nani."

"Ivue."

"Nimalize kwanza."

"Ivue, mwanangu."

Akashika kifungo. Akavuta. Akavuta tena. Kicheko kikamwisha usoni.

"Bibi... inanibana."

Ta. Ta. Ta. Sauti ndogo, kama ukucha unaogonga kikombe.

Kichwa kikamwinama. Mabega yakaanza kutikisika, kwa mwendo ninaoujua. Mwendo wa ngoma.

Ngoma hapana.

Nikapiga magoti kama alivyokuwa akifanya shangazi, nikauliza kwa adabu. "Mgeni wetu, unataka nini?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu mzima. Tulivu.

"Nimeandaliwa kiti. Nimekaa."

"Mtoto hakujua. Niachie mjukuu wangu."



Nikayamwagia maji makaa. Nikalivuta shuka. Nikasoma Ayatul Kursi, nikairudia tena na tena. Kifungo kikafunguka chenyewe. Saa ikaanguka kwenye sinia.

Hanifa akainua kichwa. "Mbona umezima udi?" akauliza. Hakushtuka hata kidogo.

Hapo hapo pakapigwa hodi. Alikuwa Luqman, kijisanduku mkononi.

"Mniwie radhi kwa kuchelewa, bibi. Saa hii hapa. Nimeileta mwenyewe, mali kama hii simpi mtu."

"Na ile uliyotuma?"

"Sikutuma mtu."

Nikamwonyesha sinia. Akaishika saa kwa ncha ya leso, akaigeuza. "Mgongoni haina jina wala namba," akasema. "Wala hapana mahali pa kuifungulia." Akairudisha chini, akavifuta vidole.

Kesho yake niliipeleka pangoni kwenye mzimu, wanakotambikia wazee, nikaiacha huko pamoja na shuka na marashi.

Hanifa alipata kazi. Mishi huniambia, "Shukuru Mungu, mtoto mzima huyo. Anakula, anacheka, wataka nini tena?" Nami siridhiki. Kwani tangu jioni ile Hanifa haniamkii. Asubuhi humkuta ameshaketi barazani, mgongo umenyooka, ananitazama kama mtu anayengoja haki yake.

Jana macho yale yalinishinda. Mdomo ukanifunguka wenyewe.

"Shikamoo," nikamwambia mjukuu wangu.

"Marahaba," akasema.