Zoya, Mlinda Lango wa Barafuni

"Ukipanda ile ndege, Zoya, usinitafute tena."

Égide aliyasema hayo wakiwa mbele ya duka la mikate kwenye barabara kuu ya Kensington, Johannesburg, watu wakiwapita na mifuko yao. Zoya alimtazama kwanza.

"Kocha amenipigia yeye mwenyewe," akasema. "Ni timu ya taifa, Égide. Waliniacha nilipoumia goti, sasa wananiita tena."

"Nimesikia."

"Ni miezi michache tu. Nitarudi."

"Wewe una pasipoti. Mimi nina karatasi ya ukimbizi. Usiporudi, nitakufuata na nini?"

"Kwa nini unadhani sitarudi?"

"Watu wakiondoka huwa hawarudi."

Zoya akamshika mkono. Égide akauchomoa, akavuka barabara bila hata kungoja robot, ile taa ya barabarani, iwake kijani. Ilikuwa mwaka 2013, mwezi wa tisa.

Walijuana miaka miwili kabla ya hapo. Égide, Mrundi wa Kirundo, alikuwa mlinzi kwenye uwanja wa barafu uliomo ndani ya jumba moja la maduka, mashariki mwa Johannesburg. Zoya alitoka Urusi akiwa amepasuliwa goti, akafikia kwa shangazi yake hapo Kensington. Kwao walishamwambia mpira wa magongo wa barafuni basi tena. Ili asikae bure akaanza kufundisha wasichana wa pale uwanjani.

Asubuhi moja wanaume wa klabu ya pale walimtania asimame golini. Zoya akavaa mapedi ya kukinga miguu, akashusha kofia yenye wavu usoni, akatulia. Wanaume wakaanza kupiga. Kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, kigumu kama jiwe, kilikuwa kikija kwa kasi ambayo Égide hakuweza kuifuata kwa macho. Zoya alikuwa akikidaka, akikipangua kwa mguu, akikilalia. Hakikuingia hata kimoja. Kicheko cha wale wanaume kikapotea polepole, ikabaki sauti ya vyuma vya viatu vikikwaruza barafu. Égide akajikuta amesimama ukingoni, ameacha mlango bila mlinzi.

"Dada," alimwambia alipotoka, kwa Kiingereza chake cha kujifunzia barabarani, "sijawahi kuona kitu kama kile."

"Nami sijawahi kuona mlinzi anayeacha mlango wazi," Zoya akamjibu, kwa Kiingereza kisichopishana sana na cha kwake.

Ndipo mapenzi yalipoanzia. Kiswahili Zoya alikiokota kwenye saluni ya Gaudiose, dada yake Égide, kule Jeppestown, akila sombe, mboga ya majani ya muhogo, pamoja na wasusi mpaka wakamwona mwenzao. Walikuwa wameshakubaliana kuoana. Kisha ndiyo ikaja simu ya kocha.

Zoya aliondoka. Ujumbe wake ukaanza kuingia.

"Nimefika. Baridi kali. Goti liko sawa. Naomba upokee simu."

"Leo wametaja majina, langu limo. Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Égide alisoma kila ujumbe, hakujibu hata mmoja.

"Mjibu huyo mtoto wa watu," Gaudiose alimwambia. "Au mwambie imekwisha, ajue. Kumweka hivi ni ukatili."

"Niache, dada."

Februari 2014, mchana, Égide aliingia saluni akakuta wanawake wamekodolea macho televisheni. Urusi walikuwa wanacheza nyumbani kwao. Yolande, mteja Mkongomani, alikuwa amesukwa nusu kichwa na msusi wake ameacha kusuka.

"Yule golini ni mwanamke kweli?" Yolande aliuliza.

"Ni Zoya," Gaudiose akasema.

"Zoya? Huyu huyu wa sombe?"

Gaudiose akaelekeza kidole kwenye televisheni. Wachezaji wawili wa upinzani walikuwa wamechomoka peke yao, wanamjia. Wa kwanza akajifanya anapiga, akampasia mwenzake. Zoya aliteleza kutoka nguzo moja hadi nyingine, miguu imepanuka yote, na kisahani kikamgonga usoni juu ya kofia. Akaanguka. Kule saluni wasusi wakashika vichwa. Mara akaonekana anapiga goti, yule waliyesema hatacheza tena, akasimama, akaiweka kofia sawa. Watu maelfu wakainuka kwenye viti vyao wakiimba jina lake.

"Eish," Yolande alisema kwa sauti ndogo. "Mungu aliumba watu."

Égide alikuwa ameshika mlango. Mtu yule ndiye aliyemwambia achague. Machozi yakamtoka mbele ya wateja, na hakuyafuta. Akatoa simu, akaandika: "Nimekuona. Nisamehe, sikujua nilikuwa nakuzuia nini."

Zamu hii ni Zoya aliyekaa kimya.

Mwezi wa tano alirudi Johannesburg, akaja uwanjani kuwaona wasichana wake, akamkuta Égide mlangoni.

"Ujumbe wako niliupata," alisema. "Ulichelewa."

"Najua."

"Siku ya mechi ya kwanza nilijifungia chooni nikakupigia kwa hofu. Ulikuwa wapi?"

"Simu nilikuwa nayo mkononi. Naitazama inalia."

"Kwa nini, Égide?"

"Baba aliondoka Kirundo akasema atarudi Jumapili. Nilikuwa mtoto. Nilijua nikikusikia unasema unarudi, nitaanza kungoja tena."

Zoya aliketi kwenye benchi. "Napigiwa visahani tangu niko mdogo," akasema. "Nakiona kinakuja, najua la kufanya. Kimya chako sikujua nikifanye nini."

"Nimekukosea. Na sitakuomba ubaki."

"Utaomba nini?"

"Naomba kujua msimu ujao unaanza lini."

Zoya akainua uso. "Mwezi wa tisa. Wamenipa mkataba mwingine. Nilikuwa naogopa kukuambia."

"Basi tuoane mwezi wa sita. Wa tisa uende."

"Na mwaka unaofuata?"

"Uende tena. Utaacha siku utakayotaka wewe."

"Simu utapokea?"

"Hata nikiwa kanisani."

Zoya akacheka huku analia, akamvuta akae karibu yake.

Walioana Juni, katika kanisa la Warundi ghorofani, kwenye jengo kuukuu la katikati ya jiji. Baridi ya Johannesburg ilikuwa kali, wageni wamejifunika makoti, bibi harusi mabega wazi. Wasichana wa uwanjani walisimama mistari miwili, wakainua magongo yao yakakutana juu, maharusi wakapita chini yake huku Gaudiose akipiga vigelegele.

"Mbona unatetemeka?" Zoya alimnong'oneza. "Ni baridi?"

"Hapana. Bado siamini kwamba ni wewe."

Zoya akamkaza mkono, wakashuka ngazi pamoja.