Mrija wa Emorut

"Imechacha tena," Elungat alisema, akatema chini.

Aguti hakuuliza. Harufu ilimpokea mlangoni mwa stoo, kali kama siki, ikapita juu ya chupa mia mbili zilizooshwa zikingoja kujazwa. Hili lilikuwa pipa la tatu kuharibika tangu Pasaka. Na Pasaka ndiyo siku Elungat, mwenzake wa kazi, alipomposa, wametoka tu misani hapa Malaba, Aguti bado ameshika kitabu cha nyimbo.

Kabla ya hapo pombe yao ya nafaka ya wimbi haikuwahi kuharibika hata siku moja. Madereva wa malori waliibeba mpaka Eldoret.

"Wimbi ni ile ile," Elungat alisema. "Kimea nimekitoa Tororo mwenyewe. Maji tumechemsha. Sasa Mama Velma, niambie, ni nini?"

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Unamjua."

Emorut, marehemu mume wa Aguti, ndiye aliyeanzisha kazi hii. Mwaka wa nne huu amelala nyuma ya nyumba, lakini Aguti bado humsikia stoo akikohoa, kile kikohozi cha mtu aliyevuta pombe kwa mrija haraka ikampalia. Husali, kikohozi kikaisha. Akimaliza rozari, kinarudi.

Simu yake ililia. Ujumbe wa karani wa leseni: "Mama, wakaguzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Wakikuta imeharibika, mwaka huu hampati."

"Wafu hawaharibu pombe," Elungat alisema. "Wanaoharibu ni walio hai. Dada yake marehemu ana ufunguo."

"Usimpigie Anjeline."

Alikuwa ameshapiga, na sauti ya simu ameifungulia wote wasikie.

"Shemeji wa kujipachika, umeamkaje?" Anjeline alisema.

"Dada, unaingia stoo yetu kufanya nini?"

"Kwa mlango gani? Ufunguo nilirudisha tukimaliza matanga. Mimi nauza omena, sina haja na maji yenu ya wimbi. Na kabla hujanifanya mchawi, muulize huyo bibi arusi wako mrija wa kaka yangu uko wapi. Tulitaka kumzika nao, akakataa."

Akakata.

"Mrija uko wapi, Aguti?"

Elungat hajawahi kumwita kwa jina, siku zote ni Mama Velma. Aguti alipanda juu ya kiti, akapapasa kwenye boriti, akautoa. Mrija mrefu, mweusi mahali pa mdomo. Kwao pombe huvutwa chunguni kwa mrija, na kila mwanamume ana wake, hauazimwi.

"Tangu uniulize mambo ya ndoa," alisema, "kila pipa nautia humo kwanza. Naona ni haki aonje yeye mbele. Asiseme nimemsahau. Na kila nikimpa, anakataa. Pombe inachacha. Ningekujibuje ndiyo?"

Elungat aliunusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Umeuosha lini?"

"Sijauosha. Mdomo wake ndio wa mwisho kuugusa."

"Mama, humu ndani kuna machicha ya miaka minne. Hayo ndiyo yanayochachua."

Aguti alikaa chini. Alingoja acheke, au auvunje gotini.

"Basi hatutauosha," Elungat alisema polepole. "Lakini mzee asinywe kwenye pipa la biashara. Mpe chungu chake."

Walipika upya. Pipa likafunikwa, pembeni wakaweka chungu kidogo cha pombe hiyo hiyo, na mrija umesimama ndani yake.

Ijumaa wakaguzi walionja pipa, wakaandika, na mmoja akaomba kikombe cha pili, akasema ni cha kuhakikisha. Walipoondoka, leseni ikiwa imesainiwa, Elungat alifuata chungu.

"Hii tumwage. Siku tano na ule mrija, sasa ni siki tupu."

Alichota kidogo, akaonja. Akasimama vile vile. Kisha akampa Aguti kikombe.

Ilikuwa tamu. Tamu kuliko ya pipani.

"Lakini ulisema ni machicha," Aguti alisema.

"Nilisema."

Wakatazama mrija. Aguti alitega sikio kwa kile kikohozi, akangoja sana, stoo ikabaki kimya. Akafanya ishara ya msalaba.

"Kesho nenda kwa padri," alisema. "Atangaze majina yetu ya ndoa."

Elungat aliinama, akarudisha ile iliyobaki kikombeni ndani ya chungu, taratibu, kama anayemhudumia mgeni.