Mwanamke Nyuma ya Bibi Harusi

Hebu fumbeni macho kidogo, muione ngazi nyembamba nyuma ya maduka ya vipuri, mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Jua linazama. Mafundi wanashusha milango ya chuma, krrr... paa! Juu, katika jengo lililokuwa ghala la ushirika kabla biashara haijaachiwa huru, kuna chumba cha kuta za kijivu na pazia zito. Mnamwona anayepanda mbio? Huyo ni Ruqaya.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha rangi za video za harusi. Mteja alikaa kwao, ng'ambo huko, akaitazama picha ileile kwa mtandao. Akisema, "Weusi umezidi," Ruqaya aliupunguza papo hapo, naye akauona ukipungua.

Kazi hiyo Ruqaya alimfundisha Mektilda, binti mpole aliyekaa meza ya pili. Somo la kwanza lilikuwa hili: kabla ya kikao, pima skrini. Skrini ikidanganya, nawe utamdanganya mteja.

Mektilda alishika somo. Alilishika mno. Siku hizi wateja walipopiga simu waliuliza, "Yule Mektilda yupo?" Na Ruqaya alijibu, "Yupo," akampa simu bila kumtazama.

Sasa mteja mmoja, Turki wa Muscat, alitaka kuwajaribu wote wawili, Ruqaya leo, Mektilda kesho. Atakayempendeza angepewa harusi yote ya dada yake.

Basi jana, Mektilda alipotoka kununua chai, Ruqaya alibandika kitambaa cheusi nyuma ya skrini ya mwenzake, mahali pasipoonekana. Alikuwa amekipata kwa mama mmoja mganga wa Magomeni.

"Atakayekaa mbele yake, rangi zitamkimbia," mama yule alinong'ona. "Lakini sikiliza, mwanangu. Hiki hakijui jina la mtu. Kinajua kiti tu."

Ruqaya alikuwa amekwishafika mlangoni. Hakusikiliza.

Leo alichelewa. Aliwasha mitambo akihema. Mistari ya rangi ya kujaribia picha ilijitokeza, mizuri, safi kuliko juzi. Kifaa cha kupimia kilikuwa mezani. Hakukigusa.

"Ningoje, dada?" Mektilda aliuliza.

"Nenda kaninunulie maji. Na usirudi mbio."

Mektilda akacheka. "Haya, mwalimu wangu."

Simu ya mtandao ikaita.

"Assalaam alaykum, Bi Ruqaya. Mistari naiona sawasawa. Tuanze."

"Waalaykum salaam, kaka Turki. Taa umezima huko?"

"Nimezima zote."

Bibi harusi akatokea, ameketi kwenye kiti cha dhahabu, mikono imejaa hina. Ruqaya aliipasha ngozi ya bibi joto kidogo kwa wekundu.

"Mashallah," Turki akasema. "Hapo hapo. Sasa mrekebishe na huyo wa nyuma."

"Wa nyuma yupi?"

"Huyo mwanamke aliyesimama. Uso wake ni jivu tupu. Mtie damu kidogo."

Ruqaya alisogea karibu. Nyuma ya bibi harusi palikuwa na pazia jeupe. Basi.

"Kaka, hapa hakuna mtu."

"Usinitanie, bibi. Ananiangalia."

Chumbani kukaingia harufu... ubani ulioungua, na nywele zilizoungua.

Ruqaya alizungusha kitufe cha wekundu. Zaidi. Zaidi tena. Hina ikawa kahawia. Ikawa kijivu.

"Umezidisha!" Turki alisema. "Picha nzima imekuwa damu!"

Lakini Ruqaya hakuona damu. Aliona majivu.

"Bi Ruqaya..." Sauti ya Turki ikashuka. "Amegeuka. Hanitazami tena mimi."

"Anamtazama nani?"

"Anakutazama wewe."

Tk... tk... tk. Kitu kiligonga kioo cha skrini.

Kutokea ndani.

Ruqaya aliruka, kiti kikaanguka. Alipapasa nyuma ya skrini. Vidole vikagusa kitambaa. Kilikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mektilda na chupa ya maji.

"Mektilda! Skrini hii... ni ya nani?"

"Yangu, dada. Asubuhi nilizipima zote mbili, nimesimama tu, kama ulivyonifundisha. Yako imeanza umanjano. Nikasema kikao ni chako leo, acha nikubadilishie, upate nzuri." Akamtazama. "Nimekosea?"

Ruqaya alikibandua kitambaa, akakiweka mezani mbele ya binti.

Simu ikalia. Turki alikuwa amekata kikao, lakini alituma picha moja aliyoinasa kwenye skrini yake. Ruqaya aliiangalia. Bibi harusi, kiti, pazia. Akampa Mektilda.

Binti aliitazama muda mrefu. Alipoinua macho, alinong'ona:

"Dada... huyu wa nyuma... ulikwenda lini Muscat?"

Kitambaa walikichoma siku hiyohiyo. Mama wa Magomeni hawakumpata, na majirani walisema chumba chake kina miaka hakina mpangaji. Kazi ya harusi ilimwendea Mektilda, na hakumwacha mwalimu wake. Mpaka leo wanakaa pamoja. Ila sokoni Kariakoo, Ruqaya humshika mkono na kuuliza taratibu, "Nyanya hizi zimeiva?" Kwake zote ni jivu.

Nami nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Siku mkiangalia picha za harusi ya kwenu, wahesabuni polepole waliosimama nyuma. Kisha mpeni mwenzenu naye ahesabu.