Umri wa Piano ya Lisandra

Piano haikupoteza sauti, na hilo ndilo lililomtia Nieves Arocha wasiwasi wa kwanza.

Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka mto San Juan, na kwa unyevu wa mji wa Matanzas, piano ikikaa wiki tatu bila fundi huanza kulia kama geti bovu. Hii ilikuwa na wiki saba. Ililetwa kwa mkokoteni wa farasi, ikarushwarushwa na mawe ya barabara, ikapandishwa ghorofani kwa kamba kupitia dirishani. Hata hivyo, kila Nieves alipogonga uma wake wa kupimia sauti gotini na kubonyeza noti ya katikati, sauti mbili zilikutana na kuwa moja. Alikuwa fundi wa piano, binti wa fundi wa piano, mwenye digrii ya fizikia juu ya hayo. Mbao isiyovimba hakuwahi kuiona.

"Shukuru basi," baba yake, mzee Eulogio, alimwambia huku akipuliza kahawa yake, kikombe katika mkono wa kulia aliouvisha glavu. "Wenzako wanalia piano zao zimeliwa na mchwa, wewe unalia yako ni nzima. Chuo kilikufundisha kulalamika?"

Yeye ndiye aliyempa mjukuu wake Lisandra, binti wa Nieves, piano hiyo alipotimiza miaka sita. Alisema ameitoa bohari ya kanisa, na kwamba hajawahi kuigusa maishani mwake.

Wiki ya tano vidole vya Lisandra vikaanza kuwa baridi. Mwanzo ncha tu. Kisha weupe ukapanda mpaka kwenye kiungo cha pili, weupe wa nta, na mtoto akawa hawezi kufunga vifungo vya sare yake. Hospitalini walipima damu mara tatu, wakasema mtoto mzima. Nieves aliandika vipimo vyote kwenye daftari, tarehe na saa, kana kwamba ugonjwa ungeona haya kwa kuandikwa.

Halafu ikaja ile Jumanne, saa nane mchana, mtaa mzima umelala kwa joto. Nieves aliingia sebuleni akamkuta mwanawe amekaa mbele ya piano, mikono mapajani, na vibonye vikishuka vyenyewe kimoja baada ya kingine bila kutoa sauti yoyote, taratibu, kama vinavyobonyezwa na mtu anayemwonyesha mtoto mahali pa kuweka vidole, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha.

"Lisi," alinong'ona. "Unafanya nini?"

"Nasikiliza somo, mama. Usiongee. Hapendi."

Jioni hiyo hiyo akamwita Hortensia, jirani wa chini, mwanamke mnene wa miaka sabini aliyefanya kazi na roho tangu ujana. Alipanda ngazi akihema, akaweka glasi ya maji juu ya kitambaa cheupe, akawasha sigara yake nene, akapuliza moshi ndani ya piano. Moshi haukutoka.

"Ni jini la mbao," alisema. "Liliingia siku piano ilipotiwa nyuzi. Umri wake na wa piano ni mmoja. Likiambiwa umri wake wa kweli, linatoka. Likidanganywa, linakaza mkono. Piano ina miaka mingapi?"

Hilo Nieves aliliweza. Alifunua kifuniko, akamulika bamba la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu, akasoma namba ya kiwandani: 71306. Akaleta daftari la miaka, lile ambalo baba yake alilinakili kwa mkono, kila kiwanda na namba kilizoanzia kila mwaka. 71306 iliangukia mwaka 1926.

"Miaka tisini na mitatu," alisema. Mzee Eulogio alikuwa amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa kukubali.

Hortensia akalitamkia jini umri huo, mara tatu. Maji ya glasi yakatulia kama kioo. Kisha Lisandra, aliyekuwa amelala kwenye kochi macho yamefumbwa, akacheka kicheko cha mtu mzima, na weupe ule ukapanda mbele ya macho yao, ukapita viganja, ukafika kwenye vifundo vya mikono.

"Umelidanganya!" Hortensia alifoka kwa sauti ya chini. "Mwanamke wewe, umesoma nini pale?"

Nieves alirudi kwenye bamba. Akamulika tena, na safari hii akaona alichokataa kukiona: saba ile ilikuwa na kamkato katikati. Viwanda havikati saba. Baba yake hukata. Akakwaruza kwa kucha, rangi ikabanduka, na chini yake kulikuwa na lipu laini iliyojaza namba nyingine.

Fundi akiwa na shaka na chuma huuliza mbao. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo: namba hupigwa pia ubavuni mwa kibonye cha kwanza, kule chini kabisa, na hapo hapo mafundi huandika jina na tarehe kwa penseli. Nieves hakuwahi kukivuta kwa sababu aliyeileta piano alikuwa baba yake.

Akakivuta. Namba ilikuwa 20418. Mwaka 1891. Na chini yake, kwa mwandiko uliomfundisha kuandika jina lake, palikuwa na maneno haya: *E. Arocha, 14 Februari 1996. Muache huyu. Nitakuletea mtoto wake.*

Mwaka 1996 Nieves alikuwa na miaka sita. Alikumbuka kulazwa, glavu za sufu, mama akilia. Aliambiwa yalikuwa mafigo.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Hujawahi kuigusa, siyo?"

"Ulikuwa unakufa, mwanangu. Likaniambia niandike. Sikuwa na njia."

"Ya kunificha mimi ulikuwa nayo. Na hii lipu? Umeipaka mwaka huu. Ulihakikisha sitaweza kulitoa."

Mzee akavua glavu yake ya kulia, ambayo Nieves alidhani ni ya baridi yabisi. Vidole vyote vilikuwa vya nta. "Lilianza kunidai mimi," alisema. "Niliogopa, Nieves. Basi."

Hortensia akamsukuma Nieves kwenye kochi, na Nieves akamshika mwanawe vifundo vilivyokuwa baridi kama mabomba ya maji alfajiri, akamwinamia sikioni, akasema, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake, miaka mia moja ishirini na minane, miaka mia moja ishirini na minane, mpaka glasi ikapasuka na mdomo wa mtoto ukafunguka.

"Ni kweli," mdomo ulisema. "Natoka. Ila mimi nilialikwa. Nitajie mwenyeji wangu nirudi kwake."

"Usipotaja litabaki," Hortensia alinong'ona.

"Nieves," mzee alisema. "Mimi ni baba yako."

Nieves alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

"Eulogio Arocha Peñalver," alisema, majina yote, kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo.

Vidole vya Lisandra vikawa vyekundu, kimoja kimoja, na mtoto akaanza kulia kwa maumivu ya damu inayorudi. Nieves akambeba, akashuka naye ngazi mpaka barabarani, Hortensia nyuma yao akisali. Hawakuwa wamefika kona. Juu, dirishani, piano ikaanza kulia: noti moja, kimya, noti inayofuata, kimya, kama mwanafunzi aliyekatazwa kuinuka.

"Mama," Lisandra alisema begani mwake, "babu hajui kupiga piano."

"Atajifunza," Nieves alisema, akaendelea kutembea.