Kundi la Tatu

Kiatu cha Edmilson kilitua ndani ya beseni la pweza wa Lénia, sokoni Palma, watu wakisukumana. Shati lake jeupe lilinyooshwa pasi hata likalitia soko aibu.

"Desculpa, dada."

"Radhi hailiwi. Umekanyaga, nunua."

Akanunua wote, akaomba na namba ya simu.

Alikuwa técnico, mtaalamu wa mazingira kutoka Nampula. Miamba mingi ya baharini haijapimwa, alimweleza siku za mbele, kwa hiyo inayofanana huwekwa kundi moja na kupewa amri moja. Kundi la tatu ni miamba iliyokufa: marufuku kuvua miaka miwili.

"Na Rongui?" aliuliza Lénia. Mama yake alichokoa pweza kwenye mwamba wa kisiwa hicho tangu usichana, na hakuwa na kazi nyingine.

"Haina takwimu. Nipeleke nikaone, amor, kabla orodha haijatoka Ijumaa."

"Jumatano. Mama atakupikia mpaka ulegeze mkanda."

Jumanne Lénia akamwona Edmilson kwenye kibanda cha vinywaji na Patrícia wa ofisini kwake, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Lénia hakuuliza. Virgílio, mwanamume wake wa kwanza, naye alikuwa wa ofisini, naye alianza hivyohivyo kabla ya kumwacha. Wote walewale. Jumatano Edmilson alipopiga simu, aliifukia chini ya kanga zake, na ujumbe akaufuta bila kuusoma. Yeye ameumia, basi na Edmilson aumie.

Ijumaa orodha ikabandikwa ukutani pa soko. Rongui, kundi la tatu.

Edmilson alikuja mchana, shati limekunjamana.

"Umeipima lini?" aliuliza Lénia.

"Sikuipima. Boti ilikuwa tayari, nikakupigia mara sita; bila mwenyeji nisingeujua mwamba. Jumanne Patrícia alinionyesha mapa tu, ramani ya bahari kwenye simu. Kwa kina na mkondo, Rongui inafanana na miamba iliyokufa, tukaiweka huko."

"Iko hai."

"Orodha haifunguliwi mpaka miaka miwili iishe." Akatoa pete. "Tuoane, amor. Mama nitamtunza."

Lénia alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mimi nilikuweka na Virgílio bila kukupima. Wewe mwamba wa mama umeuweka na wafu. Asubuhi tutaamkiana vipi?"

Akamfumba kiganja juu ya pete. Simu ikaita: mama, kutoka Rongui.

"Mwanangu, mgeni wako mbona haji? Pweza wake nimemkausha. Kesho maji yakitoka nitamchokolea mwingine."

"Kesho msishuke mwambani, mama."

"Kwa nini?"

Lénia akampa Edmilson simu.

"Mwambie wewe."