Gauni Jipya la Uzi

Kila asubuhi mapacha wawili walivaa sare za shule mbele ya kioo kimoja, kando ya cherehani ya mama yao, fundi wa nguo. Wateja waliwabatiza Sindano na Uzi, maana hakwenda mmoja asifuatwe na mwenzake. Sindano ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na hakumwacha mtu asahau.

Sasa walikuwa na miaka kumi na miwili, na mambo yaligeuka. Uzi alirefuka, akapata hedhi yake ya kwanza. Mama alimwita pembeni wakanong'ona, akampa pedi, kisha akamshonea gauni jipya la shule. Sindano akabaki na lake la zamani.

"Mimi ndiye mkubwa!" alilalamika.

"Zamu yako itafika, mwanangu," mama alimjibu huku akikanyaga cherehani.

Zamu gani tena? Kwa wivu Sindano aliusukuma uji wake kando. Jioni mama alipotoka kumpelekea mteja nguo, Sindano alilichukua lile gauni la Uzi, akalibana kwa mshono mpya mbavuni, kisha akakata kitambaa kilichozidi ndani ya mshono. "Haya, tuone huo ukubwa wake," alijisemea.

Kesho yake Uzi alilivaa kwa taabu, akadhani amenenepa. Darasani alikuja muuguzi kuwafundisha habari za kubalehe.

"Zamani mambo haya yalionwa aibu hata kuyauliza," alisema. "Watu walikisia tu. Baadaye watafiti wakawapima watoto walewale mwaka baada ya mwaka, wakagundua kila mwili una wakati wake. Kuna anayeanza na miaka tisa, kuna anayeanza na kumi na tatu, na wote ni wazima. Nani aje aandike ubaoni badiliko moja analolijua?"

Uzi, kama kawaida yake, mkono juu! Alikwenda ubaoni, akanyoosha mkono kuandika. Chwaa! Gauni likafumuka kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Darasa zima liliangua kicheko. Sindano naye alitabasamu, tena kwa raha kabisa. Lakini Uzi, huku amejikumbatia, hakumtazama mwingine yeyote. Alimtafuta yeye.

"Dada, nifunike!"

Tabasamu lilimkauka Sindano. Alivua sweta lake, akakimbia kumfunika. Uzi alimng'ang'ania huku analia, na kila chozi lilimchoma Sindano.

"Ni mimi," alimwambia njiani wakirudi nyumbani. "Nililibana mimi. Nilikuonea wivu."

Uzi aliuachia mkono wake, akatangulia mpaka mlangoni.

Mama alisikia yote kutoka kwa Sindano mwenyewe. Hakufoka. Alilipindua gauni. "Kile ulichokata kilikuwa akiba," alisema. "Nguo ya mtoto anayekua huachiwa kitambaa ndani ya mshono. Sasa hakuna cha kuongeza."

Sindano alikwenda kubadili nguo, akalipindua gauni lake la zamani. Ndani ya mshono, kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, kipana kuliko kile cha Uzi.

"Mama, kata hiki umpe."

"Hapana. Uzi nitamtafutia kipande kingine, na wewe utakishona kwa mkono wako. Hicho ni chako. Nilikuachia kwa sababu najua utakua, ila mwili hauharakishwi, wala haukui kwa kumpunguza mwenzako."

Sindano alivuta kigoda, akatunga uzi kwenye sindano. Baada ya muda Uzi alikuja kukaa karibu yake, akamshikia kitambaa.

"Shona imara, dada," alisema. "Kesho nanyoosha mkono tena."